Siku Bakambale Bote Baligeuka Mumoja

Masika wangu,

Mama yako amekwisha kukuambia juu ya kupika sombe, juu ya dawa ya malaria, juu ya kufunga mulango na juu ya kijana yeyote wa Beni atakayesema uko na macho mazuri. Mimi sirudilie ile. Unamujua: kama kuna kitu alisahau, kesho ataamka mbele ya jogoo akuandikie ku kikaratasi. Barua hii ni ya jambo lingine, na ninakuomba uisome mbele ya kupanda basi, hapana nyuma. Yeye anajua kila kitu tangu leo mangaribi. Alinikasirikia, akanipa chakula, akanikasirikia tena.

Juzi kwa meza ulisema neno. Tulikuwa tunakula kuku ya kumushukuru Mungu juu ya kazi yako, pasteur amekwisha kuomba, na ukasimama mbele ya bote: "Mimi nitafanya kazi sawa Papa. Papa hajapoteza hata fichier, hata faili moja ya mutu." Batu bakapiga mikono. Mimi nikakamata mufupa, nikautafuna mpaka Mama yako akauliza kama niko na njaa ya mwaka jana. Alipoona macho yangu akafikiri ni furaha. Masika, ilikuwa haya.

Njo sababu leo nimefunga bureau mapema. Usiku huu nimerudi, nimekaa kati ya photocopieuse na ile mashini yetu kuukuu, na ninaandika na mukono. Nataka uende Beni na baba wa kweli, hapana ule wa juzi kwa meza.

Ulikuwa bado mudogo sana wakati rafiki yangu mumoja wa cyber alinionyesha dirisha nyeusi ya mashini, ile unaandika amri ndani. Mbele ya siku ile nilikuwa napunguza uzito wa mapicha ya ndoa moja moja: fungua, punguza, enregistrer, funga. Ndoa moja, siku tatu, na shingo inaniuma sawa mutu aliyebeba muhogo kutoka shamba. Rafiki yangu akaandika mustari mumoja tu: kwa kila picha ndani ya dossier hii, fanya hivi. Akabonyeza. Tukakunywa chai, na mbele chai ipoe kazi ilikuwa imekwisha. Mapicha mia nane! Nilitoka inje, nikazunguka nyumba mara moja, nikarudi kuangalia kama ni kweli. Ilikuwa kweli.

Sitakudanganya, ile furaha haijaisha mpaka leo, na ninajua wewe pia unayo. Nilikuona siku uliandika script yako ya kwanza, amri za kupangia mashini kazi, vile ulifunga mukono mbele ya kinywa. Mais kwangu furaha ilizaa kiburi haraka. Batu ba Kimemi, mutaa wetu, bakaanza kuniita Docteur, na mimi sikubakatalia. Nilisahau jambo moja la wazi: mutu anayeweza kufanya muzuri mara elfu kwa dakika moja, anaweza pia kufanya ujinga mara elfu kwa dakika ile ile. Mashini haitamuuliza kama amefikiri.

Halafu ikafika ile miaka batu balikuwa banakimbia kutoka upande wa Kanyabayonga, banafika Butembo na godoro kichwani na telefone mufukoni. Telefone njo ilikuwa albamu ya familia. Ingine ilivunjika njiani, ingine iliuzwa juu ya chakula, ikabaki carte mémoire tu, kadogo sawa ukucha. Nikasimama kanisani nikatangaza: leteni makarte yenu, nitachunga mapicha yenu bure. Balileta, hata bale ambao habakukimbia balileta. Wewe ulikuwa internat, shule ya kulala, wakati ule. Nikapata mapicha mia tatu na kumi na mbili. Kila picha iliitwa na namba, na kando nikaandika liste: namba, halafu jina kamili ya mutu anayeonekana, vile tunaandika kwetu. Jina ya kuzaliwa kwanza, sawa Kambale, halafu postnom, jina ya pili, halafu jina ya ubatizo. Nilitaka script isome liste na kuipa kila picha jina ya mwenyewe, ili mutu akiingia nimutafute kwa jina, hapana kwa namba sawa mufungwa.

Sasa wewe umeanza kucheka, juu unaona shimo mbele ya mimi nianguke ndani. Kwetu mutoto hatafutiwi jina, anakuta imemungojea. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Musichana wa kwanza ni Masika, na darasani mwenu mulikuwa bamasika saba, mpaka sista akachoka. Mimi mwenyewe ni Kasereka! Nimeishi ndani ya majina haya tangu tumboni. Mais mufano wa script nilikuwa nimeutoa ku page moja ya internet, kazi ya batu ba mbali, kule kila mutu yuko na lake. Mufano ulisema: neno la kwanza ku mustari ni namba, neno la pili ni jina, yanayofuata acha. Kwao ingetosha. Kwetu neno la pili ni Kambale, Paluku, Kambale, Kambale, Masika, Kambale. Nilikuwa Munande, mutu wa kabila letu, wakati wa kula, wa kusali na wa kugombana. Mbele ya mashini nikageuka muzungu.

Na mashini ilinionya, Masika. Hii njo inaniuma zaidi. Mara ya kwanza niliandika amri ya ren, ile ya kubadilisha jina, na dirisha nyeusi ikajaa malalamiko: fichier ya jina hii iko tayari, fichier ya jina hii iko tayari, mustari juu ya mustari. Ren ilikuwa inakataa Kambale wa pili asikalie kiti ya Kambale wa kwanza. Ilikuwa na akili kunipita. Mais mimi na kusemeshwa na mashini! Unajua roho yangu. Nikaitukana mujinga, "Zoba wewe!" na pahali pa kusoma sababu, nikatafuta amri isiyolalamika. Nikaipata: move. Ukiiandika na mukono pale ku dirisha, move inauliza kama kweli unataka kufuta ile ya zamani. Ukiiweka ndani ya script, haiulizi tena. Inafuta na kuendelea. Sikuijua ile. Nikabonyeza, dirisha ikanyamaza kimya, na mimi nikafikiri imekubali kuwa mimi ni mukubwa.

Nikafungua dossier. Mapicha kumi na tisa. Nikafunga, nikafungua tena, sawa mutu anayefungua kabati akifikiri chakula kitakuwa kimerudi. Kumi na tisa. Bakambale bote baligeuka mumoja, ule wa mwisho ku liste: muzee wa Kanyabayonga, kofia kichwani, anakula muhindi. Paluku mumoja, Kasereka mumoja, Masika mumoja. Copie, nakala ya pili, sikuwa nayo. Nikajaribu programu za kufufua, nikapata vipande tu, hapa sikio, pale nusu ya kitenge.

Nikaanza kudanganya siku ile ile. Nikatuma habari: rudisheni makarte, nataka kutoa mapicha vizuri zaidi. Bengi bakarudisha, nikaponea. Kwa bale makarte yao ilikuwa imekwisha kujazwa na miziki, nikasema disque iliungua. Mashini haina kinywa, inabeba kila kosa unayoipa.

Halafu kukawa Mama Georgette.

Unamujua, ni yeye wa Kipese anatuletea poireaux, vile vitunguu vya majani, na viazi kila siku ya soko, ule akisema jambo ya siri hata motard, mwendesha pikipiki, wa ngambo ya barabara anaisikia. Alikuwa na kijana, Kambale, motard yeye pia, na alikufa kwa ajali ya barabara. Telefone ya marehemu ikabaki nyumbani. Siku moja Kahindo, dada ya marehemu, alikuwa anafua nguo, akaweka telefone ile juu ya ukuta akaisahau, na mvua ya Kipese unaijua. Mama akaniletea carte ndani ya kipande ya kitenge. "Papa Masika, niangalilie kama mutoto yangu angali mule."

Siku mbili nilipigana na carte ile. Ilikuwa inafunguka, inakataa, inafunguka. Mwisho ikanipa picha moja tu, halafu ikakufa kabisa. Mais ile moja! Kambale amesimama kando ya moto yake, pikipiki ya kazi, amekamata jogoo kwa miguu, anacheka mpaka macho yamefungika, na shati amefunga vifungo vibaya, upande mumoja juu, mwingine chini. Nilipiga kelele bureau muzima. Sikumuita mama yake. Nilitaka kuitoa kubwa, kuitia ku cadre ya ukutani, nimushangaze. Nikaiweka ndani ya dossier pamoja na zingine, nikaipa namba, na nyuma yake nikaingiza bado ile ya muzee mwenye muhindi. Kesho yake njo niliandika script.

Alipokuja, alikuwa amevaa sawa mutu anayeenda kusali. "Ulimupata?"

"Hapana, Mama. Mvua iliua carte. Sikutoa kitu."

Uongo ule ulikuwa mwepesi juu nusu yake ilikuwa kweli. Angeweza kupeleka carte kwa fundi yeyote wa Butembo, angemuambia vile vile. Mama Georgette akasema "Wasingya", asante ya kwetu, akaniachia poireaux juu ya taabu yangu. Tulizila zile poireaux. Mimi nilikula, na nikaongeza.

Sasa unaelewa bureau ile ulikulia ndani. Ulipofika miaka kumi na sita uliniuliza sababu gani ninatia echo mbele ya kila amri, ili dirisha inionyeshe kwanza vile itafanya, mbele ya kufanya kweli. Nikakujibu "Ni discipline." Ukauliza juu gani ninahesabu mafichier mbele na nyuma na kuandika hesabu ku ukuta, nikajibu "Ni discipline." Juu gani kila jina inabeba namba yake mpaka mwisho, juu gani sianzi mbele copie ilale ku disque ya pili: discipline, discipline. Wewe ukakua ukifikiri baba yako alizaliwa muangalifu. Hapana. Kila desturi ulijifunza kwangu ni alama ya pahali niliungua, na nilikuonyesha kitambaa nikaficha kidonda.

Kule hospitali ya Beni batakupa mafichier ya bagonjwa, na bakuu bako batataka ipangwe haraka, juu wewe ni kijana na unajua dirisha nyeusi. Utaipanga, sina mashaka hata kidogo. Unanipita, na sisemi hivyo juu wewe ni damu yangu. Mais kule Kambale mumoja akikalia kiti ya Kambale mwingine, haitakuwa picha tu inapotea. Mutu atapewa damu ya mwenzake. Na siku utakosea, juu utakosea, script haitakuwa jambo gumu. Jambo gumu itakuwa ile dakika mutu anasimama mbele yako amevaa nguo ya kusali anakuuliza kama ulipata. Mimi dakika ile nilianguka, na sikujua vile nilianguka mbali mpaka leo.

Leo asubui, wakati munafikiri niko natafuta papier, nilikamata moto nikaenda Kipese. Baridi ilinipiga mpaka meno. Nilimukuta Mama Georgette ameketi mulangoni, anachambua maharagi ku sahani. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya Swahili nzuri ya kanisa. Yote ikanikimbia.

"Mama," nikasema, "ile picha ya Kambale ilikuwako. Niliitoa kwa carte. Ni mimi niliipoteza nyuma, halafu nikakudanganya."

Mikono yake iliendelea na maharagi. "Uliiona?"

"Niliiona."

"Alikuwa namna gani?"

Nikamuambia: moto, jogoo, macho, vifungo.

"Jogoo rangi gani?"

"Nyekundu. Mukia nyeusi."

"Ile ilikuwa ya Noeli," akasema polepole. "Aliniletea mimi. Sema tena."

Nikasema tena. Akataka mara ya tatu, nikasema mara ya tatu, na kila mara alitabasamu pale kwa vifungo. Halafu akasimama, Masika, na sahani ikaruka. "Docteur! Docteur wa uongo! Miaka yote hii unakula viazi yangu, unanisalimia na meno inje!" Majirani bakatoka. Sikujitetea. Nilikuwa nangojea anipige, na kusema kweli ningefurahi.

Hakunipiga. Aliketi chini, akaanza kulia, na jina alikuwa anaita haikuwa ya Kambale.

"Kahindo," anasema. "Kahindo yangu."

Sikuelewa. Akaniambia. Siku ile alitoka kwangu mikono mitupu, alifika nyumbani, akamukuta binti yake anapika. Akamuambia: "Umeua kaka yako mara ya pili." Kahindo alimaliza kupika, akapakua, na juma ile ile akaenda Beni. Anauza samaki kule sokoni, ameolewa, yuko na mutoto ambaye bibi yake hajamukamata hata siku moja. Mama Georgette akimupigia, hapokei. Miaka tano, Masika! Kahindo alisahau telefone inje, ni kweli, mais kosa yake nilikuwa nimekwisha kuiponya. Picha ilikuwa imetoka nzima. Mimi njo niliua kisha nikamubebesha yeye, na sikujua hata kama kuna mutu amebeba.

Tuliokota maharagi, mimi na yule mama, moja moja. Nyuma akapangusa uso na kitenge.

"Sasa utafanya nini, Papa Masika?"

"Nitamupigia Kahindo. Namba yangu haijui, atapokea."

"Telefone!" Akaniangalia sawa mutu anayeangalia mutoto mujinga. "Uongo uliniletea na kinywa, uso kwa uso. Kweli njo utaituma na telefone?"

Nikarudisha telefone mufukoni.

Donc, mwanangu, kesho hatuagani kwa parking. Nimekata tiketi ya kiti kando yako. Ukiwa unasoma mustari huu, niko pale karibu na basi, ninajifanya kuangalia magurudumu. Unaweza kunikasirikia. Kasirika kabisa, barabara ya Beni inatosha kwa hasira yote uko nayo, na nitajibu kila kitu utauliza. Jambo moja tu nakuomba: usiniambie kwamba haikuwa kosa kubwa. Batu bengine bataniambia hivyo, na nitataka kubaamini.

Tukifika, wewe enda hospitali yako, kichwa juu. Mimi nitashuka sokoni upande wa samaki. Kahindo anaweza kunifukuza. Sawa, nitakaa pale pembeni mpaka aniite, na asiponiita nitarudi kesho yake. Niko na maneno mawili ya kumupa. Nilipokuwa napanda moto kurudi, Mama Georgette alinishika mukono, hakunisamehe, alisema tu hivi: "Na mimi naomba samahani yake. Mais anza na yako. Yangu useme nyuma."

Papa yako,
Kasereka